Fahamu: Bakteria wanaoilisha soya shambani

Soya inapoanza kutoa maua, chimbua mche mmoja taratibu mizizi isikatike. Utaona vinundu vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza; cha kijani kimeshachoka.

Humo wanaishi bakteria wanaoitwa rizobia. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria huigeuza ikawa lishe ya mmea, nao mmea huwapa sukari. Soya inataka bakteria wa aina yake, na mashamba mengi ya Afrika hayana wa kutosha. Ndiyo maana mbegu hupakwa unga wenye bakteria hai kabla ya kupandwa. Jua kali huwaua, na baadhi ya dawa za mbegu pia. Muuzaji wa unga huo asiyemweleza mkulima hayo anamtia hasara.

Upande wa kuzuia magonjwa ya mizizi, wapo pia fangasi wenye faida kama trikoderma. Huizunguka mizizi, wakawanyang'anya fangasi waharibifu nafasi na chakula, hata kuwashambulia na kuwala. Lakini hawafufui mche ulionyauka. Wawekwe mapema, tangu kitaluni kwa mazao yanayoanzia huko.