Mti wenye vituo kumi: tuielewe namna gani “ramani ya mbinguni” ya Wayahudi?



Katika vikundi vya vijana, na hata katika vikundi vya wamama, swali moja linarudi mara kwa mara. Kwenye simu inapita picha ya viduara kumi vilivyounganishwa kwa mistari ya rangi, kila kiduara na jina lake la Kiebrania. Ukiitazama haraka utadhani ni ramani ya treni za mji mkubwa wa Ulaya. Kuna wanaosema ni ramani ya kupandia mbinguni. Kuna wanaosema ni alama ya wachawi, na kwamba kuitazama tu ni kujifunga. Tena wako wahubiri wanaofundisha kwamba kila kiduara kina jina la siri la Mungu, na kwamba mtu akilitaja jina hilo mara kadhaa, akiisha kutoa sadaka fulani, mlango wa kazi, wa ndoa au wa uponyaji utafunguka.

Kanisa likinyamaza, washirika wetu watafundishwa na hao wa mwisho. Kwa hiyo tuifungue picha hii polepole: ilitoka wapi, kwa nini inafanana na ramani ya treni, inasema nini, na sisi tuifanyie nini.

Picha yenyewe ilitoka wapi

Wayahudi huiita Mti wa Uzima. Ni mchoro wa Kabala, neno la Kiebrania lenye maana ya mapokeo, yaani kile ambacho mwanafunzi amekipokea kwa mwalimu wake. (Tusiichanganye na Kabalo yetu ya Tanganyika!) Kitabu kidogo cha kale, Sefer Yetzirah, yaani Kitabu cha Uumbaji, kinasema kwamba Mungu aliumba kwa njia 32 za hekima: sefirot 10 na herufi 22 za Kiebrania. Mwishoni mwa karne ya 12 na katika karne ya 13, walimu wa Kiyahudi wa kusini mwa Ufaransa na wa Hispania walilikuza fundisho hilo.

Kitabu chao kikubwa ni Zohar. Wayahudi wengi wanaoshika mapokeo wanasema ni cha Shimon bar Yohai, mwalimu wa karne ya 2. Wanahistoria, akiwemo Gershom Scholem (1897–1982), wameonyesha kwamba sehemu kubwa yake iliandikwa Hispania na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania. Katika karne iliyofuata, mji mdogo wa Safed katika Galilaya ukawa kitovu cha Kabala, wakiwemo Moses Cordovero (1522–1570) na Isaac Luria (1534–1572).

Swali lao tunalijua, kwa sababu ni letu pia. Mungu hana mwisho na hakuna akili inayomfikia. Basi sisi watu wa udongo tunamjuaje? Walimwita Ein Sof, Asiye na Mwisho. Wakasema kwamba yeye hujidhihirisha kwa namna kumi, na hizo ndizo sefirot: Keter (Taji), Hokhmah (Hekima), Binah (Ufahamu), Hesed (Fadhili), Gevurah (Nguvu, au Hukumu), Tiferet (Uzuri), Netzach (Ushindi), Hod (Adhama), Yesod (Msingi) na Malkhut (Ufalme). Mengi ya majina haya hayakutungwa tu. Msomaji afungue 1 Mambo ya Nyakati 29:11, sala ya Daudi: mfalme anamtajia Mungu sifa moja baada ya nyingine, na mwishoni anataja ufalme. Walimu hao walikuwa wasomaji wa Biblia.

Ramani ya treni ilifundisha nini

Mwaka 1931, mjini London, Harry Beck alichora upya ramani ya treni zinazopita chini ya ardhi. Kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya kiufundi, na nyaya za umeme alizijua vizuri. Ramani za zamani zilifuata ardhi ilivyo. Katikati ya mji vituo vilisongamana hata visisomeke, na pembeni vilikuwa mbalimbali mno.

Beck alitambua jambo jepesi: msafiri aliye chini ya ardhi hahitaji kujua kila barabara iliyo juu yake. Anahitaji kujua apande mstari gani, abadilishe wapi, ashuke wapi. Basi akanyoosha mistari yote iwe ya wima, ya kulala au ya mshazari, akavipanga vituo kwa nafasi zinazokaribiana, akaacha mto Thames peke yake kama alama ya ardhi. Wakubwa wake walisita mwanzoni, lakini mwaka 1933 ramani ilichapishwa kwa ajili ya watu wote, na watu wakaipenda. Leo miji mingi ya dunia inafuata mtindo huo.

Wazee wetu waliosafiri kwa reli wanaelewa bila kuona ramani yoyote. Ukitoka Kalemie, unajua kwamba Kabalo ndipo njia zinapoachana: upande mmoja Kongolo na Kindu, upande mwingine Kamina na Lubumbashi. Huhitaji kujua kila kilima. Unahitaji kujua mahali pa kubadilisha.

Mti wa Kabala ulikuwa na sura hiyo kabla ya treni kubuniwa. Mwaka 1516, huko Augsburg katika Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha Kilatini, Portae Lucis, yaani Milango ya Nuru, tafsiri ya kazi ya Myahudi Joseph Gikatilla. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna mtu ameketi, ameshika mti wenye viduara kumi. Katika sura moja inayojulikana ya mti huo, mistari ni 22 kama herufi za Kiebrania: 3 ya kulala, 7 ya wima na 12 ya mshazari. Mchoraji wa leo akipaka rangi mistari hiyo, tayari ana ramani ya treni. Hata nje ya Kabala jambo hili limefanyika. Mwaka 1992 Mwingereza Simon Patterson alichukua ramani ya London, akaondoa majina ya vituo, akaweka majina ya wanafalsafa, watakatifu na wachezaji wa mpira.

Tusafiri kidogo katika mchoro

Kuna mistari mitatu mikubwa ya wima. Wa kuume unapita Fadhili: huko Mungu anatoa, anapokea, anasamehe. Wa kushoto unapita Hukumu: huko anaweka mpaka, anakataa, anaadhibu uovu. Wa katikati unatoka Taji juu kabisa, unapita Uzuri, unapita Msingi, unafika Ufalme, kituo cha mwisho, kinachogusa dunia yetu.

Kituo cha Uzuri ndicho Kabalo ya mti huu. Mistari mingi inakutana hapo, na hapo Fadhili na Hukumu zinapatanishwa. Fadhili peke yake ingemwacha mwovu aendelee kumwumiza mnyonge. Hukumu peke yake ingetuangamiza sote. Na Zohar inafundisha jambo zito: uovu unapata mzizi pale Hukumu inapojitenga na Fadhili, ikawaka peke yake.

Mahali ambapo ramani inapotosha

Ramani yoyote inaficha kitu ili ionyeshe kingine. Hii ya treni inaweza kutupotosha kwa namna tatu.

Kwanza, kituo ni mahali, lakini sefirot si mahali, wala si miungu kumi. Cordovero alitoa mfano wa maji yaliyomiminwa katika vyombo vya rangi mbalimbali. Ukiyatazama utaona maji mekundu, meupe, ya kijani. Lakini maji yenyewe hayana rangi na hayakubadilika. Wayahudi hao walishika kwa nguvu kwamba Mungu ni mmoja.

Pili, abiria husafiri kwa faida yake mwenyewe. Katika Kabala mwendo ni mwingine: baraka inashuka kutoka juu hadi Ufalme, na maisha matakatifu ya watu yanasaidia njia isizibwe. Cordovero aliandika kitabu kidogo kinachoitwa Mtende wa Debora, kinachouliza mtu anafuataje sifa hizi kumi katika mwenendo wake. Anapofika Fadhili hafundishi maneno ya siri. Anasema: tembelea wagonjwa, saidia maskini, pokea wageni, zika wafu kwa heshima, patanisha waliogombana.

Tatu, treni ina tiketi, na mwenye pesa hupanda. Kabala haikuwa bidhaa. Desturi moja inayojulikana inasema mtu asiisome kabla ya kufika miaka 40, awe ameshiba Torati kwanza. Hapo tunaweza kupima wanaouza majina ya siri kwa kijana wa miaka 20 ambaye hajamaliza kusoma hata Injili ya Marko.

Tuongeze neno juu ya uchawi. Katika karne ya 19, watu wa Ulaya wasio Wayahudi waliuchukua mti huu, wakauchanganya na karata za kupigia ramli. Chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kilieneza mchanganyiko huo. Picha nyingi zinazozunguka kwenye intaneti zina alama za huko. Kupiga ramli tunakukataa, kama Kumbukumbu la Torati 18 inavyokataa. Lakini tusimhukumu Myahudi kwa karata ambazo si zake.

Waprotestanti walikutana nayo mapema

Mwaka 1517, mwaka uleule wa hoja 95 za Luther, Mjerumani Johannes Reuchlin alichapisha kitabu juu ya Kabala. Mwaka 1506 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi ya Kiebrania, na Luther mwenyewe alikitumia kujifunza lugha ya Agano la Kale. Mwaka 1510 Kaisari Maximilian aliomba ushauri: je, vitabu vya Wayahudi vichukuliwe na kuharibiwa? Reuchlin alisimama kuvitetea, akashtakiwa kwa miaka mingi. Alikuwa Mkristo, na alitafuta Kristo ndani ya Kabala kwa namna ambayo Wayahudi hawakuikubali. Hata hivyo hakutaka vitabu vya jirani vichomwe moto.

Luther wa uzeeni alikwenda njia nyingine. Mwaka 1543 aliandika vitabu vikali juu ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe. Katika kimoja alidhihaki mafundisho yao juu ya Jina la Mungu. Karne nne baadaye Wanazi waliyatumia maneno hayo. Makanisa mengi ya Kilutheri yameyakataa hadharani.

Jambo hili haliko mbali na Kongo. Sinagogi ya Lubumbashi ilijengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Mwezi wa Julai 1944, ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,500, walikamatwa na kupelekwa Auschwitz. Wengi sana hawakurudi. Neno la dharau lililoandikwa na mtu wa Mungu lilipata mikono ya kulitekeleza. Sisi tunaoishi mashariki tunajua namna neno juu ya kabila fulani linavyoanza kama mzaha na kuishia kwenye panga.

Sisi tushike nini

Tushike mambo matatu.

La kwanza, tusiogope picha na tusiiabudu. Ni juhudi ya watu kufikiri juu ya Mungu wa Abrahamu. Tunaweza kujifunza kwayo bila kuichukua kuwa imani yetu.

La pili, tusinunue majina. Kumbukumbu la Torati 29:29 inatofautisha yaliyofichwa, ambayo ni ya Mungu, na yaliyofunuliwa, ambayo ni yetu ili tuyatende. Katika Mwanzo 28 Yakobo aliona ngazi, na katika Yohana 1:51 Yesu anajionyesha mwenyewe kuwa mahali ambapo mbingu na dunia vinakutana. Kwa imani yetu yeye ndiye njia, na hauzi tiketi. Mtu akikudai pesa ili akufungulie kituo cha mbinguni, mwulize ni wapi Bwana alimtuma kukusanya.

La tatu ndilo gumu kuliko yote. Katika makanisa yetu wamo waliopoteza watoto, mashamba na nyumba. Wanadai hukumu, na Biblia haiwakatazi kuidai. Wengine wanahubiri msamaha haraka haraka, kana kwamba hakuna aliyeuawa. Zaburi 85:10 inaonyesha fadhili na kweli zikikutana, haki na amani zikibusiana. Fadhili isiyopita kwenye haki inamdharau aliyeumizwa, na hukumu isiyofika kwenye fadhili inazaa vita vingine. Sisi Wakristo tunaona njia hizo mbili zikikutana msalabani.

Tunaomba kila kikundi cha vijana wiki hii kisome Zaburi hiyo yote, kisha kichague tendo moja katika yale aliyoyataja Cordovero: mgonjwa mmoja wa kutembelewa, mkimbizi mmoja wa kupokelewa, majirani wawili wa kupatanishwa. Bwana awatie nguvu. Amina.