Sukari katika Kikombe cha Chai

Twataka kunena habari za kikombe kilicho mezani penu kila asubuhi. Huku Upareni, toka Same bondeni hata Vudee na Suji milimani, mgeni akibisha hodi huletewa chai, na wingi wa sukari ndio heshima yake. Hatulaumu ukarimu huo. Lakini na tuhesabu vijiko.

Kijiko kidogo cha sukari ni kadiri ya gramu 4. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba sukari ya kutiwa isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu ambayo mwili huipata katika chakula chote, na ni bora zaidi isifike nusu ya hiyo. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni kama vijiko 6 kwa siku. Basi atiaye vijiko 3 katika kikombe, akanywa vikombe viwili, amekwisha kufika mpakani, naye hajaonja andazi wala soda. Mpaka wa mtoto ni mdogo kuliko huo. Tena sukari huwalisha vijidudu vya kinywani, navyo hutoa uchachu ulao meno.

Liko jambo jingine, ambalo halitoki katika sukari bali katika majani yenyewe, nalo kwetu ni kubwa zaidi. Makande yetu, kwa ajili ya maharage yake, yana madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kufanyiza damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula, ule ukakasi wa majani hushikamana na chuma hicho, na sehemu yake kubwa hupita tumboni bila faida. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu, akila makande na kuyateremsha kwa chai, hujinyima kile alichokipika mwenyewe! Na angoje saa moja au mbili. Badala ya chai ale pera au chungwa, maana matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Vidonge vya chuma apewavyo zahanati navyo visimezwe kwa chai.

Mtoto mchanga hana haja ya chai hata tone. Mpaka miezi 6 maziwa ya mama yamtosha. Na yule aanzaye kula apewe uji mzito wenye maziwa au karanga zilizosagwa, wala si chai na kipande cha muhogo.

Apendaye ladha atie tangawizi ya Mamba Miamba. Sukari ipunguzwe nusu kijiko kila juma, ulimi utazoea. Mgeni naye awekewe bakuli la sukari kando, ajitilie mwenyewe.