Kwa nini fundi huiflashi simu bila kujua ugonjwa wake

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

MKULIMA wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa anayelipwa kwa simu hubaki na stakabadhi moja tu mkononi: ujumbe mfupi wa maneno. Simu hiyo inapoanza kujizima na kujiwasha yenyewe, huipeleka kwa fundi wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na mara nyingi jibu ni lile lile: iflashiwe, yaani programu zote zifutwe na kupandikizwa upya.

Fedha hazipotei, kwa kuwa salio hutunzwa katika kompyuta za kampuni ya simu. Zinazopotea ni jumbe, picha na namba zilizohifadhiwa kwenye simu, pamoja na ushahidi wa kilichoiangusha simu yenyewe.

Lawama humwangukia fundi. Hata hivyo, chanzo cha tatizo kiko mbali na meza yake.

Simu nyingi za kisasa hutumia Android, mfumo uliojengwa juu ya kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kerneli ni kiini kinachogawa kumbukumbu na kuamuru kioo, betri na mawasiliano. Programu ya kawaida ikikwama, kerneli huifunga na kuandika sababu. Kerneli yenyewe ikikwama, hakuna aliye chini yake wa kuiandikia. Kioo huganda, kisha simu hujiwasha upya.

Njia ya wataalamu ni kuunganisha kompyuta ya pili kwa waya. Kipande kidogo ndani ya kerneli, kiitwacho kgdb, husimamisha kila kitu na kujibu maswali ya kompyuta hiyo: ni agizo lipi lilikuwa likitekelezwa, na kumbukumbu ilikuwa na nini. Torvalds alipinga hadharani zana za namna hii mwaka 2000, akiona kuwa mwandishi wa programu anapaswa kwanza kufikiri. Kgdb ilikubaliwa rasmi katika Linux mwaka 2008.

Kukubaliwa huko hakukumaliza kazi, kwa kuwa kila aina ya prosesa ina maagizo na tabia zake. Kompyuta nyingi za mezani hufuata usanifu wa Intel. Simu hufuata ARM, usanifu uliozaliwa Cambridge, Uingereza, ambako prosesa ya kwanza ya aina hiyo ilifanya kazi mwaka 1985.

Ili kusimamisha kerneli mahali fulani, kgdb hung'oa agizo lililopo na kuweka mtego. Kwa Intel mtego huo ni wa baiti moja, na prosesa yenyewe inaweza kuamriwa iende hatua moja moja. Kerneli ya ARM ya biti 32 haina msaada huo: kompyuta ya pili hulazimika kupiga hesabu agizo lijalo liko wapi, kisha kutega tena hapo.

Gumu zaidi ni kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa. ARM hutenganisha nakala ya data na nakala ya maagizo. Mtego huandikwa kama data, huku prosesa ikiweza kuendelea kusoma agizo la zamani. Ni sawa na karani wa chama cha msingi kuandika bei mpya katika daftari la ofisini, ilhali mpimaji aliye kwenye mzani bado anasoma karatasi ya jana. Intel husawazisha nakala hizo yenyewe. Kwa ARM, kerneli lazima iamuru zisafishwe, la sivyo mtego haunasi kitu.

ARM ya biti 32 ilipata kgdb mwaka 2008. ARM ya biti 64, ambayo imo katika simu nyingi za leo, iliipata mwaka 2014 katika toleo la 3.15, ikiwa na agizo lake mahususi la mtego na uwezo wa kwenda hatua kwa hatua.

Fundi wa Nkwenda hanufaiki nayo. Watengenezaji kwa kawaida huondoa kgdb katika simu za kuuzwa, kwani anayeweza kusimamisha kerneli anaweza kusoma kila kilichomo, zikiwamo namba za siri. Sababu hiyo ni ya haki, ingawa humwacha fundi gizani.

Upo mlango mdogo. Linux inaweza kutenga sehemu ya kumbukumbu na kuandika humo maneno ya mwisho ya kerneli kabla ya kuanguka. Maneno hayo husalia simu ikijiwasha upya, lakini hufutika betri ikichomolewa au kuisha kabisa. Pale mtengenezaji alipoiruhusu njia hiyo, ripoti ya hitilafu ya Android, inayochukuliwa kwa kompyuta na waya wa USB, huwa na mistari hiyo.

Simu inayowaka walau kwa dakika chache inatosha kuchukua ripoti hiyo, na pia kuhamisha jumbe za malipo, kabla ya kuflashi. Mistari ya mwisho ikionyesha kuwa hifadhi ya ndani imekataa kusomwa, kuflashi huenda kusisaidie: kipande chenyewe kinaweza kuwa kimekufa, na mteja atakuwa amelipia kufutiwa stakabadhi zake.