Mwanafunzi Asiye na Dini katika Chuo Kikuu cha Kikristo nchini Kenya: Mipaka ya Ridhaa

Katika Kiswahili, mtu asiyefuata dini yoyote hutambulishwa zaidi kwa ukanushi: asiye na dini. Katika mazungumzo ya kawaida, kauli "hana dini" hutumiwa pia kumshutumu mtu kuwa hana huruma wala utu. Mwanafunzi wa aina hii anapoingia katika chuo kikuu cha Kikristo, huenda akahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Makala hii inafafanua hali yake nchini Kenya na kudai kwamba ridhaa anayochukuliwa kuwa ameitoa anapojisajili ina mipaka.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, watu 755,750, yaani takribani asilimia 1.6 ya Wakenya, walijitambulisha kuwa hawana dini. Kwa upande mwingine, baadhi ya vyuo vikuu vya kibinafsi vya mwanzo kupewa hati nchini ni vya Kikristo: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Baraton (1991), Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki (1992) na Daystar (1994). Vyuo hivi havifichi lengo lao la kuunganisha elimu na imani. Ndiyo maana hutolewa hoja kwamba anayejiunga navyo amekubali kanuni zake zote, zikiwemo za ibada.

Hoja hiyo ina uzito, kwani Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda pia haki ya waumini kufundisha na kudhihirisha imani yao. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2016 hadi 2022 serikali iliwapeleka wanafunzi iliowafadhili katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Mwombaji aliyeorodhesha kozi kadhaa kwa kuzingatia alama zake za KCSE huenda alichagua uuguzi au ualimu, wala si madhehebu. Ridhaa yake kuhusu masomo ni bayana; kuhusu ibada ni ya kukisiwa tu. Nacho Kifungu cha 32(4) kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalokiuka imani yake.

Mahakama hazijalimaliza suala hili. Katika kesi ya Kanisa la Methodisti dhidi ya Mohamed Fugicha, iliyohusu hijabu katika shule ya upili inayodhaminiwa na kanisa hilo Isiolo, Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono wasichana Waislamu mwaka 2016. Mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa sababu dai lenyewe halikuwasilishwa kwa utaratibu ufaao. Kiini cha mgogoro kikabaki bila kuamuliwa.

Ili kulielewa suala hili, ni muhimu kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni kuheshimu mazingira: katika chuo cha Waadventista Wasabato kama Baraton, kutunza utulivu kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi hakumfanyi mtu kuwa muumini. La pili ni kujifunza: kozi ya Biblia inaweza kutahiniwa kama maarifa, na asiyeamini anaweza kuipasi bila kuungama chochote. La tatu ni kuabudu: kusali, kuimba sifa na kukiri imani. Hapa ndipo mpaka ulipo, kwa sababu tendo la ibada halina maana bila imani ya anayelitenda.

Kwa hiyo, chuo kinaweza kudai mawili ya kwanza bila kumdhulumu mwanafunzi. Kikilifanya la tatu kuwa sharti la kuhitimu, mwanafunzi hubaki na njia mbili: kuhatarisha shahada yake au kuigiza sala. Njia ya pili inamdhuru yeye, lakini pia inakidhuru chuo, kwa kuwa kitahesabu mahudhurio na kuyaita imani. Inapendekezwa kwamba kanuni za vyuo zitaje waziwazi, kabla ya usajili, ni lipi kati ya mambo haya linalodaiwa, na ziruhusu shughuli mbadala kwa asiyeabudu.