Mazoea ya vidole yana taabu

Dereva aliyezoea Toyota ya Japani akipewa Benz ya Mjerumani, utamtambua kwenye kona ya kwanza. Anataka kuwasha indiketa, mara waipa zinafuta kioo kikavu. Kijiti cha indiketa kwenye gari la Japani kiko mkono wa kulia. Kwenye Benz kiko kushoto. Waipa hazimuui mtu. Lakini ingekuwaje kama breki na mafuta navyo vingebadilishana nafasi kila gari?

Kwenye kompyuta ndivyo ilivyo. Vijana wengi wa Tandika, Mbagala na Mwananyamala wameanzia kwenye maduka ya steshenari, wakichapa barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Hapo vidole hujifunza: Ctrl na S ni kuhifadhi, Ctrl na C ni kunakili, Ctrl na Z ni kurudisha kilichoharibika. Kisha mwenye bidii anapanda ngazi, anajifunza Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za intaneti. Huko anakutana na dirisha ambalo halina picha za kubonyeza, unaliandikia amri. Linaitwa sheli, na inayojulikana zaidi ni Bash, iliyotolewa mwaka 1989 na Brian Fox.

Humo vidole vinamsaliti. Anabonyeza Ctrl na C akidhani ananakili, kumbe amekatisha kazi iliyokuwa ikiendelea. Anabonyeza Ctrl na S, skrini inaganda. Anadhani mashine imekufa, anazima umeme, na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Mashine haikufa. Alama hiyo ni urithi wa enzi za teleprinta, na maana yake ilikuwa "simama kwanza". Angebonyeza Ctrl na Q, ingeendelea.

Na akirudi steshenari? Kwenye Bash, Ctrl na A humpeleka mwanzo wa mstari. Kwenye programu ya kuchapia barua, huchagua maandishi yote. Akigusa herufi moja tu baada ya hapo, barua nzima ya mteja imefutika.

Chanzo ni kwamba hizi ni koo mbili. Bash ilirithi vidole vya Emacs, programu ya kuandikia iliyoanzishwa mwaka 1976 huko MIT, Marekani, na Richard Stallman akiwa mmoja wa waasisi wake. Ndiyo maana kwenye zote mbili Ctrl na E ni mwisho wa mstari, Ctrl na K hukata kilichobaki mbele, na Ctrl na Y hukirudisha. Herufi X, C na V zilienezwa na kompyuta za Apple, Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984, kisha Windows ikazifuata.

Dawa ipo. Anayeandika programu achague ukoo mmoja. Akichagua Emacs, Bash inamsubiri tayari. Akipenda vi, programu ya Bill Joy ya mwaka 1976, aandike kwenye Bash amri hii: set -o vi. Sheli nayo itafuata desturi za vi. Kuganda kwa Ctrl na S huondolewa kwa amri stty -ixon. Na kunakili kwenye madirisha mengi ya amri ya Linux ni Ctrl, Shift na C kwa pamoja.

Wapo wanaosema tuweke herufi zetu: H ya kuhifadhi, N ya kunakili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili, nasi tuliona fahari. Maneno yawe yetu, naunga mkono. Lakini vitufe tuviache. Kijana wa Mbagala akipata kazi Nairobi au Muscat, asigeuke dereva wa kufuta kioo kikavu.

Ninyi mnaofundisha kompyuta mitaani, msimpe mwanafunzi orodha ya vitufe bila kumwambia ni ya programu ipi. Mwambieni pia ni wapi kitufe hichohicho kitamdhuru. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu hii inazuilika kwa somo la nusu saa.