Bei ya Karatasi na Hesabu ya Mchapaji

Katika soko la Morogoro, mboga zitokazo Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, huuzwa kwa vipimo mbalimbali. Anunuaye fungu hulipa bei moja. Anunuaye tenga zima huipata kila kilo kwa bei nafuu zaidi. Hakuna aushangaaye utaratibu huo, kwani kupakia na kushusha tenga moja ni kazi moja, wala si kazi ishirini. Karatasi nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mchuuzi hukata bei kwa kichwa, ilhali mchapaji wa leo aghalabu huiachia programu ya kompyuta. Kompyuta haina busara ya mchuuzi. Hutenda lile tu ililoagizwa.

Kwanza hapana budi kujua ni kiasi gani kinachohesabiwa. Karatasi moja ya kipimo cha A1 hutoa karatasi 8 za A4. Shule ikihitaji fomu 20,000 za A4, mchapaji atahitaji karatasi 2,500 za A1, yaani rimu 5 za karatasi 500. Ikiwa karatasi hiyo ina gramu 80 kwa mita ya mraba, kila rimu itakuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Lakini karatasi kadhaa huharibika wakati wa kurekebisha wino na mashine. Ikikadiriwa kuwa asilimia 4 huharibika, karatasi 100 zitaongezwa, na jumla itakuwa 2,600. Ni jumla hii ambayo programu yapasa kuitumia katika kutafuta bei.

Ngazi za bei

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba rimu 1 hadi 4 huuzwa kwa shilingi 100,000 kila moja. Rimu 5 hadi 9 kwa 90,000. Na rimu 10 au zaidi kwa 80,000. Jedwali hilo laonekana la haki. Hata hivyo, mwenye kununua rimu 9 atalipa 810,000, na mwenye kununua rimu 10 atalipa 800,000. Anayechukua kidogo analipa zaidi!

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kugawa mzigo: rimu 4 za mwanzo zitozwe bei ya juu, 5 zifuatazo bei ya kati, na zilizobaki bei ya chini. Hivyo rimu 9 zitagharimu 850,000, na rimu 10 zitagharimu 930,000. Ya pili ni kuiagiza programu ilinganishe jumla ya ngazi ya mteja na jumla ndogo kabisa ya ngazi ifuatayo, kisha itoze iliyo ndogo.

Bei ya mteja maalumu

Wako pia wateja wa kudumu. Mkoani Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na Mzumbe, iliyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001. Taasisi za namna hiyo hutumia karatasi mwaka mzima, na mchapaji yeyote angependa kupatana nazo bei ya pekee. Mapatano hayo yataje aina ya karatasi, kiasi na tarehe ya kukoma. Muhimu zaidi, programu ielezwe kama bei ya mteja huchukua nafasi ya ngazi au huongezwa juu yake. Mteja mwenye punguzo la asilimia 10 akinunua rimu 10 katika mfano wa hapo juu, na mapunguzo yote mawili yakatumika, atalipa 72,000 kwa rimu. Ikiwa mchapaji mwenyewe alinunua kwa 75,000, kila rimu inamtia hasara ya shilingi 3,000, na kompyuta haitamwonya asipoiwekea kikomo cha chini.

Hasara hiyo haipotei hewani. Mwishowe hulipwa na mteja mdogo, mathalani shule ya Matombo au Kinole, ambaye hununua kwa bei ya juu. Lakini jedwali lile lile laweza kumsaidia. Shule tatu zinazohitaji rimu 4 kila moja zitalipa, zikienda mbalimbali, shilingi 1,200,000 kwa jumla. Zikiagiza kwa pamoja karatasi ya aina moja, rimu 12 zitagharimu 960,000, na kila shule itaokoa shilingi 80,000. Jambo hilo litawezekana iwapo tu programu inaruhusu maagizo kuunganishwa kabla ya bei kuchaguliwa.

Kupanga bei, basi, si kazi ya kuachiwa mashine. Anayejaza jedwali ndiye anayeamua nani atabeba gharama ya nani.