Sura ya 6: Kuumizwa na Wako

Msichana wa Kikurya anayetoroka ukeketaji mwezi wa Desemba hakimbii adui. Anamkimbia mama, shangazi na bibi, watu waliomlea na ambao, kwa mawazo yao, wanamwandalia heshima. Kiwewe chake si kama cha askari aliyetoka vitani, na ndiyo maana maneno yake kuhusu nyumbani huwachanganya wanaomsikiliza.

Madaktari wa akili wa Marekani walipokiingiza kiwewe katika orodha yao ya maradhi mwaka 1980, waliwafikiria sana wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Katika miaka ya 1990 mwanasaikolojia Jennifer Freyd akaonyesha upande mwingine: anayekudhuru akiwa ndiye unayemtegemea, akili inaweza kulifunika jeraha ili uhusiano usikatike. Mtoto atamchukiaje leo anayetarajia kumwomba uji kesho?

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara nchini Tanzania, zinatuonyesha jambo hili waziwazi. Kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Mugumu, ambako Rhobi Samwelly amefanya kazi kwa miaka, hupokea mamia ya wasichana msimu wa kukeketa unapowadia. Rhobi mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13, akavuja damu nusura afe, na hakuhama Mara. Msichana aliyefika kituoni amelala salama, geti limefungwa. Kisha akina mama wanapita barabarani wakiimba, matawi mkononi, binti aliyefunikwa khanga katikati yao. Moyo unamwenda mbio. Lakini wimbo huohuo aliucheza utotoni akiwa na dada zake, na humo humo ndani ya hofu inaingia hamu ya kwao.

Kuna mzigo mwingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inamwadhibu mzazi anayesababisha binti wa chini ya miaka 18 akeketwe. Kifungo hakipungui miaka mitano. Anayetoa taarifa polisi anajua huenda anampeleka mama yake gerezani. Kwa hiyo msimu ukiisha watumishi wa vituo huenda kwanza kuzungumza na wazazi na kuwaandikisha ahadi, na wengi wa mabinti hurudi makwao kwa hiari. Naona ni kosa kubwa kuuita uamuzi huo udhaifu.

Aliyevuka bahari hukumbana na hayohayo, tena kwa ukali zaidi. Fauziya Kassindja alitoroka Togo mwaka 1994, akiwa na miaka 17, baada ya baba aliyemkinga kufariki na shangazi kumwoza kwa mwanamume aliyetaka akeketwe kwanza. Marekani, nchi aliyoikimbilia, ilimfunga zaidi ya mwaka mmoja, hata akachanganywa na wafungwa wa jinai, kabla ya kumpa hifadhi Juni 1996. Kimbilio nalo likamwachia jeraha lake.

Mwombaji hifadhi hutakiwa athibitishe kwamba kwao ni hatari. Hakimu huuliza nani alikutisha, nani alikushika. Baada ya kulirudia jibu hilo mara nyingi, mtu anaweza kuanza kuiona nchi yake yote kwa sura ya waliomtesa. Wala si uongo. Ni nusu ya ushahidi iliyohitajika. Nusu nyingine ya Kassindja ni kwamba fedha za safari zilitoka kwa mama yake, na dada yake ndiye aliyemtorosha hadi uwanja wa ndege.